Paka wa Siamu Haingii Bila Kukaribishwa

Wiki niliyostaafu nilipewa keki, saa ya ukutani, na kadi yenye picha ya paka aliyevaa miwani. Keki tuliimaliza siku ile ile, saa mke wangu ameitundika jikoni apate kujua nimechelewa kuamka kiasi gani, na kadi sijui iko wapi. Kisha bosi akaniomba niwaachie vijana maneno machache kuhusu kazi. Kwa kuwa siku hizi nusu ya wanaoshika fagio pale ni watu wa kwetu, mmoja kamvuta mwenziwe kama ada yetu, nimeona niandike kwa Kiswahili. Bosi hajui Kiswahili, kwa hiyo nitamsema kwa raha zangu.

Kwa asiyejua, kazi yetu ni hoteli ya paka. Waingereza wakienda likizo Uhispania humleta paka wao kwetu, kule juu baada ya Southgate, kaskazini mwa London, akae mpaka warudi na ngozi nyekundu. Kila mgeni ana kibanda chake: chumba kidogo cha ndani chenye hita na kitanda, na mbele yake kiuwanja cha waya cha kuotea jua, siku jua likikumbuka kutoka. Sisi tunasafisha, tunalisha, tunachana manyoya na kusikiliza malalamiko.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipochoka kufagia maofisi ya watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Mke wangu Salma hakufurahi. Alisema nimetoka Unguja, nimepanga foleni za viza, nimevumilia baridi ya Tottenham, yote hayo nije kuzoa mavi ya paka, na hali Unguja paka wamejaa tele. Kwenye harusi za jamaa zetu Rayners Lane, akiulizwa mumewe anafanya kazi gani alijibu kwamba niko hotelini. Wakitaka kujua hoteli gani, aliwaambia ni ya watu wazito wasiopenda kutajwa majina. Mie nilikuwa nakula biriani yangu.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Mama Njeri, Mkenya wa Murang'a, mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata mwezi wa Julai. Yeye ndiye mwalimu wangu, na kila nitakachowaambia hapa kuhusu kazi kimetoka kwake. Alinifundisha kwamba mchanga wa choo cha paka huutazami tu, unaunusa, maana tumbo lenye maradhi hujitangaza mapema. Alinifundisha kwamba glavu nene ni za paka mwoga, si za paka mkali, kwa sababu mkali hukuonya na mwoga hakuonyi. Na paka akikataa chakula leo ni maringo, akikataa kesho ni daktari. Mambo haya hayakuandikwa popote, nasi hatukuona haja.

Sasa nielezee kosa langu, kama ni kosa. Mimi nimelelewa kwamba mlango wa mwenzio huusukumi. Unasimama, unabisha hodi, unangoja. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa unabisha tena, na ya tatu isipoitikiwa unageuza unarudi ulikotoka, hata kama umewasikia ndani wanatafuna. Asubuhi ile sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilifika kwenye kibanda cha kwanza na ndoo mkononi, nikaona mna mwenyewe ndani, ulimi ukasema wenyewe, "Hodi."

Mama Njeri alicheka mpaka akaegemea fagio.

"Haji, unabishia nani hodi?" aliniuliza. "Hiyo ni paka, si nyumba ya chief."

Nilimwambia paka au si paka, hapo ni kwake. Akasema sawa, bora vibanda viwe vimeisha kabla ya chai ya saa nne, mengine nitajua mwenyewe. Tangu siku hiyo sikuwahi kuingia kibanda chochote bila hodi. Paka wengi hawakujali. Wa Kiingereza wale wanene wa rangi ya chungwa walifungua jicho moja, wakaona ni mimi tu, wakalifunga. Nilikuwa nabisha, nasubiri kidogo kwa ajili ya adabu, kisha naingia kama mtu aliyekaribishwa.

Mambo yalibadilika nilipofika safu ya mwisho, ile yenye hita mbili mbili, ambako hukaa paka wa Siamu. Nilibisha hodi, na kabla sijafunga mdomo nikajibiwa. Sauti ilikuwa kama ya mtoto mchanga aliyenyang'anywa ziwa, ila mtoto mchanga hulia tu, huyu alikuwa anaeleza. Alieleza habari za chakula, za hita, za jirani yake, na nadhani na za serikali. Nikasema tena hodi, kwa kujaribu. Akanijibu tena, mara hii kwa ufupi, kama mtu anayekwambia nimeshakusikia, ingia basi.

Huyo ndiye Perpetua. Mwili wake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na uso, masikio, miguu na mkia vyeusi kama vilivyochovywa kwenye kahawa. Macho yalikuwa ya buluu, na yalitazamana kidogo. Mama Njeri hakumwita Perpetua hata siku moja. Alimwita Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, kwao Kenya mtu anayeongea hivyo bila kukatizwa lazima awe mbunge. Jina likashika, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mwenye paka huyo aliitwa Bi Ashdown, mwalimu wa kuimba aliyekwisha kustaafu, anayeishi peke yake Muswell Hill. Kila kiangazi alikwenda kwa dada yake Uskochi, na dada alikuwa akipiga chafya akiona paka hata kwenye televisheni. Bi Ashdown alikuwa mrefu, shingo ndefu, na ana sauti ambayo akisema habari za asubuhi pale ofisini, waya za vibanda zinaitikia. Akimwachia Mheshimiwa kwetu alimwimbia noti moja ndefu, na Mheshimiwa akamjibu kwa noti ile ile, au karibu yake. Kila asubuhi nyumbani ndivyo walivyoamkiana, alitwambia, na hakuwahi kuwa na mwanafunzi mwenye sikio zuri kama lile.

Alipenda kutusimulia historia. Paka hawa, alisema, walikuwa wa majumba ya wafalme wa Siamu, nchi inayoitwa Thailand siku hizi, na walifika Uingereza kwa meli wakati wa babu wa babu zake, wengine wakiwa zawadi. Mkia wa Mheshimiwa ulikuwa umepinda nchani, kama ndoano, na hilo nalo lilikuwa na kisa chake: binti mfalme alipokwenda kuoga alivisha pete zake kwenye mkia wa paka, na paka akaupinda zisidondoke. Tena huzaliwa weupe kabisa, rangi huja baadaye, nayo huletwa na baridi. Sehemu za mwili zinazopata baridi ndizo zinazokuwa nyeusi, kama masikio na mkia. Nikamwambia mimi baridi ya London imenipa rangi ya jivu tu, nisipojipaka mafuta. Alicheka na waya zikaitikia.

Kisha akasema kwamba watu wa London walipowaona paka hawa mara ya kwanza hawakuwapenda hata kidogo, waliwaona wa ajabu na wa kutisha. Alipoondoka, Mama Njeri alibaki akitikisa kichwa.

"Hata sisi tulipokuja hawakutupenda," alisema. "Lakini wewe ulipewa heater mbili?"

Miaka ikaenda hivyo. Mimi na Mheshimiwa tukawa na desturi zetu. Nikija kwake nabisha hodi, naye ananikaribisha. Nikimtoa kumchana manyoya na kumrudisha, nilianza kumfanyia kinyume chake: mimi natangulia ndani, yeye anabaki kizingitini. Anapiga kelele, namwambia "Karibu," anaingia na mkia juu. Ulikuwa mchezo tu wa kupitisha asubuhi. Lakini vijana wangu, paka wa Siamu hana mchezo. Akishajua jambo, jambo hilo limekuwa sheria, na yeye ndiye polisi wake.

Mwaka mmoja, katikati ya ile miaka ya tisini, Bi Ashdown alimleta wakati wa vuli, si kiangazi. Alisema anaingia hospitali kwa jambo dogo la koo. Jambo dogo likawa kubwa. Wiki zikafuatana, baridi ikaja, Krismasi ikapita, na Mheshimiwa bado yupo kwetu. Wahenga wamesema mgeni siku ya kwanza na ya pili, ya tatu mpe jembe. Huyu hatukuweza kumpa jembe, tukampa blanketi la tatu.

Wakati ule ule aliugua tumbo. Alikataa chakula leo, akakataa kesho, na kama Mama Njeri alivyofundisha, tukamwita daktari wa wanyama. Daktari alimnyoa ubavuni apate kumpiga picha ya tumbo, akaona hamna kitu cha kutisha, akampa dawa. Mheshimiwa akapona na kuanza kutoa hotuba tena. Ila manyoya yalipoota pale aliponyolewa, katikati ya baridi ile, yaliota meusi. Akawa na doa ubavuni, duara kamili, ukubwa wa kitumbua. Sisi tuliliona doa kila siku, tukalizoea, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu hajaliona.

Mwisho wa baridi habari zikaja kwamba Bi Ashdown amerudi nyumbani. Jirani yake alikuja na gari kumchukua Mheshimiwa. Tulimuaga vizuri, mimi nikafagia kibanda kikiwa kitupu, na sitaficha kwamba nilibisha hodi mlangoni kabla ya kukumbuka hamna mtu.

Haikupita muda mrefu teksi ikasimama nje. Akashuka Bi Ashdown, amekonda, skafu shingoni, kapu la paka mkononi. Mwanamke huyu alikuwa na hasira ya kuezua paa. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Madaktari walikuwa wameyaokoa maisha yake, lakini sauti walikuwa wameiacha huko huko hospitali.

Hamjaona ugomvi mpaka muone ugomvi wa kunong'ona. Bosi wetu, Bi Hargreaves, ambaye duniani anaogopa viroboto na mawakili tu, naye akaanza kunong'ona bila kujijua. Mama Njeri akanong'ona. Mimi nikanong'ona kuuliza kwani kuna nini. Mtu angepita dirishani angedhani tunapanga kuiba benki. Aliyepiga kelele ni mmoja tu, yuko kapuni, na yeye hakunyamaza hata kupumua.

Maneno ya Bi Ashdown, kwa ufupi, yalikuwa kwamba huyu si paka wake. Wa kwake tumempoteza, au amekufa, nasi tumemtafutia mwingine anayefanana naye tukadhani mwanamke mgonjwa hataona. Kwanza, wa kwake hakuwa na doa. Pili, huyu haingii ndani. Anakaa kizingitini mwa sebule, mlango uko wazi, anapiga kelele tu, na ukimwita haji. Usiku wa kwanza alilala ukumbini kwenye baridi kuliko kuvuka ule mlango. Lipo na la tatu, alisema, lakini hilo hakulitaja.

Bosi alimwita daktari, ambaye kwa bahati alikuwa amekuja kumtazama paka mwingine. Daktari akaeleza habari ya baridi na rangi na manyoya yaliyonyolewa. Bi Ashdown alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanong'ona kwamba yeye amefuga paka wa Siamu tangu utotoni na anayajua hayo vizuri, lakini hata mwizi anaweza kuyajua. Daktari akaona paka wake mwingine anamngoja.

Nilipoona hivyo nikaomba kapu. Nilimtoa Mheshimiwa nikamweka nje ya mlango wa ofisi, nikauacha wazi, nikarudi ndani na kusimama kimya. Mheshimiwa alikaa kizingitini, miguu pamoja, akaanza. Aliongea, akasubiri, akaongea tena kwa ukali. Bi Ashdown akanyoosha kidole, maana ndivyo paka huyu alivyokuwa anafanya nyumbani kwake. Nikasema, "Karibu." Mheshimiwa akanyamaza katikati ya sentensi, akainua mkia, akaingia kama mwenye nyumba.

Ofisi nzima ilinitazama. Bosi aliniuliza neno lile ni nini. Nikaeleza habari za hodi, na kwamba kwetu mtu haingii mpaka aitikiwe, na kwamba labda, katika miaka kadhaa, Mheshimiwa ameshika adabu. Bosi aliuliza kama nimewafundisha paka wote. Nikamwambia nimejaribu, lakini wengine hawana malezi. Mama Njeri aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Bi Ashdown hakucheka. Alipiga magoti palepale sakafuni, akaushika mkia wa paka, akaupapasa polepole mpaka nchani. Vidole vikafika kwenye kile kipindo, kile cha pete za binti mfalme. Akakipapasa mara ya pili. Mheshimiwa akauchomoa mkia wake, akaja kusimama nyuma ya miguu yangu.

"Ni yeye," alinong'ona Bi Ashdown. "Kwa hiyo ni yeye asiyenijua mimi."

Ndilo lilikuwa la tatu. Tangu arudi nyumbani, kila asubuhi alijaribu kumwamkia paka wake, na hakuna noti iliyotoka. Paka alimtazama, akageuza masikio huku na huku, akaenda kuitafuta ile sauti chumba kwa chumba. Alikuwa amerudi kwenye nyumba yenye harufu yote ya bibi yake, viti vyake, piano yake, na ndani yake mtu mwingine ananong'ona. Bi Ashdown alidhani tumembadilishia paka, na paka naye alidhani amebadilishiwa bibi. 

Bi Ashdown akasimama, akafunga skafu yake vizuri, akanong'ona kwamba ni bora paka abaki kwetu. Hawezi kumweka kiumbe ndani ya nyumba ambamo anaishi na mgeni. Alisema hivyo huku amelishika kapu tupu kwa mikono miwili, na dada yuko Uskochi anapiga chafya, na nyumba nzima hana mwingine wa kumwambia habari za asubuhi. Akaelekea mlangoni.

Mama Njeri akanigeukia. Mara hii hakunong'ona.

"Haji, wewe ndiye ulifunza hii paka kungoja karibu," alisema. "Sasa enda ufunze huyu mama kuisema. Karibu haitaki voice ya kwaya."

Bi Ashdown akakubali kujaribu, Mheshimiwa akarudi kwao kapuni, na ndivyo nilivyopata kazi ya ualimu, mimi ambaye shule nilimaliza kwa kusukumwa. Kila nikitoka kazini nilipanda basi mpaka Muswell Hill. Sebule ya Bi Ashdown ilikuwa na piano, na juu ya piano picha za paka wa Siamu wote aliopata kuwafuga, wakiwa kwenye fremu za fedha kama marehemu wa familia. Na kwa kweli ndivyo walivyokuwa. Nami nilibisha hodi mlangoni kwake pia, ili somo lianze tangu nje.

Mwalimu mstaafu ni mwanafunzi mbaya. Nilimwambia neno ni karibu, akaniuliza silabi ipi inapanda. Nikamwambia hakuna inayopanda, lisemwe tu kwa moyo. Akaniambia kwa mnong'ono kwamba amefundisha miaka mingi, na kila anayesema kitu kifanywe kwa moyo ni kwa sababu hajui kinavyofanywa. Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akalipata, tena vizuri kuliko wengi waliozaliwa London wa baba na mama wa Kizanzibari. Nina wanangu nyumbani, najua ninachosema.

Tatizo lilikuwa Mheshimiwa. Akiwa kizingitini, Bi Ashdown akinong'ona karibu, yeye alinitazama mimi. Nilipojificha nyuma ya pazia alilitazama pazia. Nilipomaliza wiki ya kwanza bila faida nilimweleza Mama Njeri, naye akanishangaa. Akaniuliza tangu lini mtu anaitikiwa hodi na watu wawili. Mimi niondoke pale sebuleni, sebule iwe na moto mzuri, ukumbini hita izimwe, kisha tuiachie baridi ifanye kazi yake. Paka wa Siamu na baridi hawajawahi kupatana.

Basi siku iliyofuata Bi Ashdown akawasha moto, akakaa kitini, na mimi nikapelekwa jikoni na kukatazwa kufungua mdomo. Aliniachia kazi ya kumenya karoti za supu. Mheshimiwa akaketi kizingitini kwenye baridi na kuanza hotuba yake. Nikasikia mnong'ono, "Karibu." Hotuba ikaendelea. Mnong'ono tena. Mheshimiwa akapandisha sauti, akalalamika, akadai aletewe mtu anayehusika. Nilikuwa nauma ulimi wangu. Neno lilikuwa limejaa mdomoni, limefika kwenye meno.

Kisha kukawa kimya. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Mheshimiwa alikuwa amesimama, masikio yote mawili mbele, anasikiliza. Bi Ashdown akanong'ona tena, bila kuharakisha, kama mtu mwenye siku nzima. Na Mheshimiwa akajibu. Lakini hakupiga kelele. Alijibu kwa sauti ndogo, ya chini, yenye mkwaruzo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwa miaka yote ile. Ilikuwa mnong'ono. Alikuwa ameitafuta noti mpya ya bibi yake mpaka ameipata. Akavuka kizingiti, akaruka mapajani, na wakaanza kunong'onezana wao kwa wao.

Nililia mle jikoni, na mkononi nina karoti, wala sikuwa na kitunguu cha kukisingizia.

Manyoya ya kiangazi yalipoota, doa likafifia likaisha. Desturi haikuisha. Tangu hapo katika nyumba ile waliishi kwa minong'ono, asubuhi mnong'ono na jioni mnong'ono, na jirani mmoja aliniuliza kama paka wa Bi Ashdown naye aliugua koo. Bi Ashdown mwenyewe akakolea kuliko mwalimu wake. Fundi wa gesi alisukuma mlango bila kubisha, akarudishwa nje aanze upya. Postamani alijifunza haraka zaidi, kwa kuwa alitaka aondoke. Nilipomsimulia Salma alicheka, na kwenye harusi iliyofuata nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia shangazi yake kwamba mume wake anafundisha Kiswahili kwa Waingereza. Nikaendelea na biriani yangu.

Mama Njeri alirudi Murang'a kabla yangu, na kofia ameniachia. Mimi niliendelea mpaka magoti yalipogoma, mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili. Kwa hiyo vijana, hayo ndiyo ya kazini: nuseni mchanga, msiwaweke Siamu wawili kwenye vibanda vinavyopakana kwa sababu watasengenyana mchana kutwa na hamtapata kusikia simu, na bisheni hodi. Paka wanene hawatawajibu. Bisheni tu.

Siku chache baada ya keki nilikwenda Muswell Hill kumweleza Bi Ashdown kwamba nimestaafu. Alikuwa mzee sana sasa, na ana mama anayekuja kumhudumia. Mama huyo nilimkuta njiani anaelekea dukani, akaniambia mlango ameurudisha tu, niingie. Nikafika, nikaona mlango kweli una ufa. Mkono wangu haukusukuma.

"Hodi," nikasema. Kimya. Nikangoja, nikasema tena, "Hodi." Kimya vilevile. Nikasimama pale barazani na baridi inanipanda, maana ya tatu ndiyo ya mwisho, na mtu ukijua umri wa mwenye nyumba unaogopa kuisema. Nikaisema. "Hodi."

Ndani ukapigwa ukelele. Haukuwa mnong'ono wa nyumba ile. Ulikuwa ule wa zamani, wa safu ya mwisho yenye hita mbili mbili, wa mtoto aliyenyang'anywa ziwa, umezeeka na umepasuka lakini unaeleza kila kitu. Nikachungulia. Bi Ashdown alikuwa kitini karibu na moto, ananitazama, anacheka, midomo inacheza bila hata ule mnong'ono wake kutoka. Mheshimiwa alikuwa amesimama mapajani mwake, amegeukia mlangoni, anasema kwa niaba yake.

Nikavua viatu, nikaingia.